Namna ya Kufuatilia Ukuaji wa Mtoto Mdogo Nyumbani

Anza kwa kuhesabu umri sawasawa. Mtoto aliyezaliwa wiki 8 kabla ya wakati wake na sasa ametimiza miezi sita hupimwa kama mtoto wa miezi minne, na hesabu hiyo huendelea kutumika mpaka afike miaka miwili hivi. Wazazi wengi wa watoto njiti huhangaika bure kwa sababu tu hakuna aliyewaambia jambo hili walipotoka wodini.

Kisha achana na fikra kwamba kila hatua ina mwezi wake mmoja. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vilivyotokana na watoto wenye afya nzuri wa Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, na ndani yake ilionekana kwamba kuketi bila kuegemezwa huja kati ya mwezi wa nne na wa tisa, na kutembea bila kushikwa huja kati ya mwezi wa nane na wa kumi na saba na nusu. Aliyeanza kwenda tata akiwa na miezi tisa na aliyeanza akiwa na kumi na sita wote ni wazima. Zaidi ya hayo, watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa. Wangu wa pili alikuwa mmoja wa namna hiyo: alisota kwa makalio kutoka jikoni hadi barazani, akachakaza kaptula tatu, halafu siku moja akashika stuli akasimama dede. Asiyetembea akifika miezi kumi na minane, huyo apelekwe kliniki akapimwe.

Hata hivyo, tarehe peke yake haitoshi. Tazama pia namna mtoto anavyofanya jambo. Mketishe mkekani, mpe kijiko upande wa kulia, kisha umpe kingine upande wa kushoto. Kabla ya kutimiza mwaka, mtoto hupokea kwa mkono ulio karibu. Ikiwa kila mara anavuka na mkono wa kulia kufuata kijiko kilicho kushoto, na mkono wa kushoto umebaki umekunja ngumi, usifurahi kwamba hatatumia shoto, kwa maana hiyo huweza kuwa dalili ya mtindio wa ubongo uliogusa upande mmoja wa mwili. Vivyo hivyo, shingo isiyokaza baada ya miezi minne, miguu inayokakamaa na kupishana kama mkasi anapoinuliwa, au mwili unaolegea mno mikononi, ni mambo ya kumweleza muuguzi bila kungoja.

Katika usemi ndipo watu wengi hupotezewa muda. Mtoto anapochelewa kuongea, ushauri wa kwanza mtaani huwa ni kumkata udata, yaani ule utando mfupi unaoshika ulimi kwa chini, ilhali udata huweza kusumbua unyonyaji au utamkaji wa baadhi ya sauti, lakini haumzuii mtoto kuelewa maneno wala kujaribu kuyasema. Jambo la kuchunguza kwanza ni masikio. Mtoto asiyesikia hutoa sauti kama wenzake katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo wazazi huridhika; tofauti hujitokeza baadaye, pale wenzake wanapoanza «bababa» na «mamama» naye akazidi kunyamaza. Akiwa anacheza amekupa mgongo, simama hatua chache nyuma yake mahali ambapo hataona kivuli chako, umwite kwa sauti ya chini, na urudie siku nyingine. Usipige mlango, kwa kuwa mtikisiko wake huhisiwa hata na kiziwi. Jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo cha usikivu, ila hukupa sababu ya kukiomba. Kuhusu lugha mbili nyumbani, yaani Kiswahili na Kichaga au Kidholuo, hazimcheleweshi mtoto. Hesabu maneno yake ya lugha zote kwa pamoja. Akifika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, kama «taka maji», apelekwe.

Ukiniuliza dalili moja ya kuitazama kuliko zote, nitakuambia ni kidole. Karibu na mwaka mmoja na nusu, mtoto huona kunguru juu ya bati, humnyooshea kidole, kisha hugeuka kukutazama kama nawe umemwona. Mtoto anayekuvuta mkono kukupeleka kwenye kikombe lakini haoneshi chochote, haitikii jina lake ingawa anasikia mlio wa kifuniko cha sufuria, na hafuati kidole chako unapomwonesha kitu, anastahili kuchunguzwa mapema usonji, yaani hali inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu.

Jambo lisilosubiri hata wiki ni kupoteza alichokwisha kukiweza: aliyekuwa akiita «mama» akaacha, aliyeketi akaanza kuanguka. Kichwa kinachokua upesi kupita mwili, pamoja na degedege linalojirudia, navyo ni vya hospitali siku hiyo hiyo.

Unapokwenda, chukua kadi ya kliniki na video fupi uliyomchukua nyumbani kwa simu, maana watoto wengi hugoma mbele ya daktari. Eleza kama alichelewa kulia alipozaliwa, kama alipata manjano kali, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Ukiambiwa usubiri, uliza usubiri mpaka tarehe gani, na uombe iandikwe kwenye kadi.