Kuziba kasha la kamera au kihisi cha chini ya maji: oringi safi kwanza, grisi baadaye

Wengi wanaoniletea kifaa kilichoingia maji huuliza jambo moja: nitumie grisi gani? Grisi haizuii maji. Kinachozuia maji ni oringi yenyewe, yaani pete ya mpira inayokaa kwenye mfereji wa kasha, ikibanwa sawasawa kati ya nyuso mbili safi. Grisi inailainisha tu, ikae mahali pake bila kujisokota. Ukiipaka nyingi, inanasa mchanga.

Kwa hiyo muda wako mwingi uende kwenye usafi. Nawa mikono, kausha, kaa penye mwanga mkali pasipo upepo. Isukume oringi kwa vidole kutoka pande mbili hadi ibinuke, kisha itoe. Ikigoma, tumia ukingo wa kadi ya plastiki. Bisibisi na sindano weka mbali kabisa: mkwaruzo unaokatiza mfereji wa oringi ni njia ya maji, na hata ukiweka oringi mpya maji yatapita. Sasa ipitishe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, mzunguko mzima. Vidole hugundua punje au mpasuko ambao macho yameukosa. Unywele mmoja uliolala juu ya oringi unatosha kulizamisha kasha zima. Mfereji ufute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha ufute na uso wa kifuniko unaokutana na oringi. Huo ndio watu huusahau.

Grisi iwe kidogo, oringi ing'ae tu bila mabonge. Oringi za nitrili, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, hupatana na grisi ya silikoni. Oringi za silikoni zenyewe zinaweza kuvimba kwa grisi hiyo, basi fuata aina aliyoitaja mtengenezaji. Unapoirudisha usiivute: ibonyeze kwenye pembe nne kwanza, halafu katikati. Skrubu zikaze kwa kupishana, kidogo kidogo.

Kama kuna kebo inayoingia ndani, jua kwamba maji husafiri hata ndani ya kebo, katikati ya nyuzi za shaba. Menya waya, piga msasa ganda la nje, kisha jaza epoksi, gundi inayoganda na kuwa ngumu, ipenye mpaka kwenye nyuzi. Ganda la polithini epoksi haling'ang'anii, kwa hiyo chagua kebo ya ganda jingine.

Kabla ya kuweka kifaa, jaribu kasha tupu lenye karatasi ya tishu ndani. Lizamishe ulitazame: viputo vichache vinavyotoka huku na huku kisha vikakoma ni hewa iliyonasa nje, lakini mkondo wa viputo usiokatika kutoka sehemu ileile ni uvujaji. Usiridhike kwa sababu utatumia kina kifupi. Kila mita 10 za kina huongeza mbano wa takriban kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba, hivyo kifuniko cha sentimita 10 kwa 15 kikiwa mita 20 kinabanwa na uzito wa kama kilo 300, na mara nyingi mbano huo huisaidia oringi. Karibu na uso wa maji msaada huo haupo, ndiyo maana makasha mengi huvuja pale pale mwanzoni.

Ukitoka baharini, loweka kasha kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kabla chumvi haijakauka. Likaushe vizuri kuzunguka kifuniko, ndipo ulifungue mdomo ukiwa umeelekea chini, ili tone lililobaki lidondoke nje.