Bastola ya bei nafuu: jinsi ya kujua kama unaweza kuitegemea

Mimi ni fundi na mwalimu wa shabaha hapa Nakuru. Wenye leseni wapya huniuliza swali moja kuliko yote: "Mwalimu, hii ya bei ya chini naweza kuitegemea?" Wengi hufika wakiwa wameshasoma majina. Wanajua Glock inatoka Austria, Ceska inatoka Jamhuri ya Cheki, Taurus Brazili na Canik Uturuki, na wameshaamua kwamba ya ghali ndiyo nzuri na ya nafuu haifai.

Sihukumu bastola kwa jina. Ninaihukumu hii iliyo mezani, yenye nambari hii, ikiwa na magazini hizi (visanduku vinavyobeba risasi), risasi hizi, na ikiwa mkononi mwako wewe. Kikibadilika kimoja kati ya hivyo, upimaji unaanza upya.

Chukua SIG Sauer P320. Januari 2017 ilichaguliwa na jeshi la nchi kavu la Marekani, na bei yake si ya mtu wa kubahatisha. Agosti mwaka huohuo kampuni ilitangaza kuzifanyia marekebisho bila malipo zile zilizokuwa mikononi mwa raia, kwa sababu zilionekana kuweza kufyatuka zikianguka kwa pembe fulani. Taurus nayo, mwaka 2015, ilikubali suluhu ya kesi huko Marekani kuhusu aina 9 za bastola zake, karibu milioni moja kwa idadi, zilizodaiwa kuwa na hatari kama hiyo. Ilikubali bila kukiri kosa, na aina za baadaye kama G3C hazimo. Lakini ukiuziwa PT-111 Millennium ya zamani, ile iliyotangulia G2, sasa unajua la kuuliza.

Kabla ya yote

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, anayenunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Cheti chako kinataja silaha yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo. Upimaji nitakaoueleza unakula risasi nyingi, kwa hiyo zungumza na muuzaji na wenye kiwanja cha shabaha mapema ili hesabu yako isivuke kilichoandikwa.

Kila mara ukiishika: toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza), kisha angalia chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kwa macho na uipapase kwa kidole. Mpangilio ni huo na haugeuzwi. Ukivuta slaidi magazini ikiwa ndani, umepakia risasi nyingine huku ukidhani umeiondoa. Mdomo wa mtutu uelekee mahali salama hata ukiwa na hakika kwamba haina kitu, na kidole kikae nje ya kifyatulio.

Hatua ya kwanza: dukani, macho na sumaku

Mwombe muuzaji aifungue. Nambari ya fremu (mwili wa chini unaoushika) iwiane na iliyo kwenye hati, na sehemu nyingine zenye nambari ziwiane nayo. Zikipishana, irudishe mezani, hata kama muuzaji ana maelezo mazuri.

Mimi hutembea na sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika iliyoharibika. Fremu ya plastiki haina tatizo, bastola nyingi nzuri za leo zimeundwa hivyo. Slaidi ndiyo ninayotaka iwe ya chuma, na chuma hukamata sumaku, hata kile kisichoshika kutu kinachotumiwa kwenye slaidi nyingi. Kuna bastola zilizotengenezwa kwa aloi ya zinki, na hizo sumaku huteleza juu yake. Karibu na Los Angeles, kuanzia 1970 na kuendelea, viwanda kama Raven, Lorcin na Bryco vilitoa nyingi sana za aina hiyo kwa bei ya kutupa. Moja ya Bryco ilikuwa na kosa ambalo huwasimulia wanafunzi wangu wote: ili uweze kutoa risasi iliyo chemba, ilikubidi kwanza uondoe sefti, kile kizuizi cha usalama. Mwaka 1994 mtoto wa miaka 7 alipigwa risasi wakati mtu mzima akijaribu kuiondoa risasi kwenye bastola kama hiyo, na akapooza. Mwaka 2003 mahakama huko California iliwapa familia fidia iliyoifilisi kampuni. Kwa hiyo, ukiwa dukani, uliza bastola yako inatolewaje risasi, na ufanye mwenyewe mbele ya muuzaji ikiwa tupu.

Kisha chukua tochi. Tafuta nyufa nyembamba kama unywele chini ya dirisha la kutolea maganda na kwenye kona za reli za fremu. Angalia kiteremko kinachoongoza risasi kuingia chemba: kiwe laini, kisiwe na mikwaruzo ya tupa. Ikiwa ni ya mkono wa pili na kiteremko kimesuguliwa na mtu nyumbani, mimi siinunui. Aliyekisugua alikuwa anatafuta kuondoa tatizo, na huwezi kujua kama aliliondoa.

Hatua ya pili: penseli

Hii ni ya dakika mbili. Bastola ikiwa tupu, imehakikishwa na watu wawili, na risasi zote zikiwa chumba kingine, ikoki, yaani iwe tayari kufyatua, na uelekeze mdomo juu. Ingiza penseli kwenye mtutu, upande wa kifutio ukitangulia chini. Bonyeza kifyatulio. Penseli inapaswa kuruka ikatoka. Ikitikisika tu na kubaki ndani, pini, ile inayoigonga risasi ifyatuke, inagonga kwa unyonge: springi imechoka, au njia ya pini imejaa mafuta na uchafu.

Kisha ifungue, ushike slaidi peke yake. Kwenye bastola nyingi za kisasa kuna kitufe kidogo kinachoizuia pini. Isukume pini kwa nyuma: isitokeze mbele. Bonyeza kitufe, usukume tena: sasa itokeze. Kitufe kiende na kurudi bila kukwama. Kikiwa kizito kurudi, bastola hiyo haitoki kwangu kabla haijasafishwa na kupimwa upya. Kamwe usijaribu usalama wa kuanguka kwa kuiangusha ikiwa na risasi. Nimeona watu wazima wakipendekeza jambo hilo.

Hatua ya tatu: magazini

Hapa ndipo pesa yako inapookolewa. Bastola ikikwama, watu huilaumu bastola, lakini mara nyingi mwenye kosa ni hiki kisanduku cha bati. Midomo yake ikipanuka kidogo tu, risasi inapanda kwa pembe mbaya. Springi ikichoka, risasi haifiki juu kabla slaidi haijarudi.

Ziandike nambari chini kwa rangi ya kucha: 1, 2, 3. Ijaze kila moja, uisukume ndani slaidi ikiwa imefungwa, uone kama inashika. Ikiwa tupu, itoke yenyewe ukibonyeza kitufe cha kuitolea. Na kabla hujalipia bastola ya bei nafuu, uliza kama magazini za ziada zinapatikana nchini. Bastola yenye magazini moja tu, hata iwe imara vipi, inakuacha huna pa kwenda hiyo moja ikipinda.

Hatua ya nne: risasi 200 na daftari

Beba daftari. Andika tarehe, nambari ya magazini, aina ya risasi, nani alifyatua, na kilichotokea. Kumbukumbu ya kichwani hufuta matatizo ya bastola tuliyoilipia.

Risasi 50 za kwanza ni za kuizoea, sehemu zikizoeana. Hapo nasamehe kukwama mara moja. Baada ya hapo, risasi 200 bila kusafisha, za kawaida za 9mm zenye kichwa cha gramu 7.5 hivi au 8, zile ambazo masanduku huandika grani 115 na 124. Zigawe sawa kati ya magazini zako. Fyatua kwa mikono miwili, kisha kwa mkono mmoja, kisha kwa ule mwingine. Kisha 50 za aina utakayoibeba kila siku, kwa sababu umbo la kichwa cha risasi likibadilika, namna inavyopanda kiteremko hubadilika pia.

Kwa nini 200? Kuna hesabu rahisi: kama hakuna iliyokwama, gawa 3 kwa idadi uliyofyatua. 3 kwa 200 ni asilimia 1.5. Maana yake, hata baada ya siku nzuri kabisa, bado inawezekana bastola hiyo ikawa inakwama mara 3 katika kila risasi 200, na bahati ndiyo iliyoficha. Ukifika 300 unashuka hadi asilimia 1. Anayekuambia amefyatua magazini mbili na "iko sawa" hajapima lolote.

Hatua ya tano: kusoma kukwama

Mwaka jana mama mmoja mfanyabiashara wa jumla alipanda kutoka Kisumu na bastola ndogo aliyoinunua karibuni. Akaiweka mezani na kuniambia, "Mwalimu, hii imenidanganya. Nataka kuirudisha." Daftari hakuwa nalo. Tukaenda kiwanjani.

Risasi ya tatu ilikwama. Ganda tupu lilikuwa limesimama wima, limebanwa na slaidi, kama bomba la moshi juu ya paa. Nikamwambia, "Mama, usiguse kitu, tuangalie kwanza." Kukwama ni ushahidi, na watu wengi huupiga kofi ukaanguka chini kabla ya kuusoma. Nikaichukua, nikafyatua 30 kwa magazini ileile, zote zikapita. Nikamrudishia. Ya tano, ganda likasimama tena.

Tatizo lilikuwa kiwiko chake. Bastola ndogo nyepesi ina slaidi fupi na springi kali. Slaidi ili irudi nyuma mpaka mwisho inahitaji fremu iliyosimama. Mkono ukilegea, fremu inarudi pamoja na slaidi, nguvu inapotea, na ganda halitupwi vizuri. Nikamwonyesha: vidole viwili vya chini vikaze, kifundo kisikunjike, kiwiko kisilegee. Magazini nambari 1 ikaisha bila shida, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

Tukaweka nambari 2. Ikakwama. Safari hii ganda halikuwepo; risasi nzima ilikuwa imechomeka pua yake kwenye kiteremko. Nikaijaribu mwenyewe, ikakwama vilevile. Nikaiweka magazini hiyo pembeni ya nambari 1 kwenye mwanga: mdomo wa kushoto ulikuwa umepanuka. Kwa hiyo alikuwa na makosa mawili tofauti kwa pamoja, na angeirudisha bastola isiyo na kosa lolote. Ndiyo maana unabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati.

Nyingine za kusoma: slaidi ikibaki imefunguka kidogo bila kufunga, shuku uchafu chemba, mafuta yaliyokauka, au springi iliyochoka. Ganda likibaki chemba wakati slaidi imeshavuta, angalia ndoana ya kulitolea, kama imekatika ncha au imezibwa na masizi. Ukisikia "tik" bila mlio, subiri mdomo ukiwa umeelekea shabaha, hesabu hadi 30, kisha toa risasi na uangalie kile kiduara cha fataki kitakoni mwake. Kikiwa na shimo la kina, risasi ndiyo mbovu. Kikiwa na alama ya juujuu, rudi kwenye penseli.

Na mlio ukiwa dhaifu kuliko kawaida, acha papo hapo. Kichwa cha risasi huenda kimebaki ndani ya mtutu, na kinachofuata kinaweza kuupasua mkononi mwako.

Ikifyatua mbili kwa mbonyezo mmoja, au ikifyatuka bila kubonyezwa, hatusubiri ya pili. Inarudi kwa muuzaji siku hiyohiyo.

Hatua ya sita: vumbi na jasho

Bastola iliyofaulu kiwanjani ikiwa safi bado haijaishi na wewe. Ibebe wiki mbili kama utakavyoibeba, kisha uende uifyatue bila kuisafisha.

Nakuru adui ni vumbi. Upande wa Gilgil na Kariandusi, ambako huchimbwa ule udongo mweupe wa diatomaiti, vumbi ni laini kama unga na linakwaruza kama msasa. Likikutana na mafuta mengi linakuwa uji wa kusaga chuma. Kwa hiyo huku mafuta ni tone moja kwenye kila reli, ukipangusa linalobaki. Njia ya pini iwe kavu kabisa.

Kisumu ni joto na jasho. Yule mama hubeba kiunoni chini ya nguo, na upande unaogusa mwili ulikuwa na madoa ya kutu, mekundu kama kahawia ya chai, kwenye skrubu za vilengeo na juu ya magazini. Huko pangusa kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na usiilaze usiku ndani ya mkoba wa ngozi, kwa sababu ngozi hutunza jasho.

Hatua ya saba: risasi ya juu

Hii wachache huifanya. Kama kila jioni unaondoa risasi chemba na kila asubuhi unairudisha ileile, kichwa chake kinagonga kiteremko kila siku na kinazama polepole ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, na shinikizo linapanda siku itakapofyatuliwa. Katika bastola ndogo hilo si jambo dogo.

Kila Jumapili, isimamishe mezani kando ya risasi mpya ya sanduku lilelile, uinamishe macho usawa wa meza. Zilingane urefu. Iliyozama hata kwa unene wa ukucha usiirudishe chemba. Itie kwenye kikopo chenye alama, ibaki ndani ya hesabu ya cheti chako, na umpelekee muuzaji safari ijayo.