Kukimbia Shela: tazama maji kwanza

Ukitaka kuanza kukimbia hapa Lamu, tazama maji kabla ya kutazama saa. Maji yakipwa, ufuo wa Shela huacha mchanga mgumu uliolowa, na hapo ndipo mguu hukanyaga vizuri. Ule mchanga mkavu wa juu, karibu na vilima, waachie wazoefu. Utakukaza mashavu ya miguu hadi kesho kushuka ngazi iwe kazi. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya leo si ya kesho kutwa. Waulize manahodha.

Wiki za kwanza usijitie ushujaa: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara nane, siku tatu kwa wiki. Ukishindwa kusema sentensi nzima huku unakimbia, punguza mwendo. Vichochoro vya mjini viache, punda hampishi mtu.

Na uzito? Mimi nilikimbia mwezi mzima, mizani haikusogea. Kumbe kila nikirudi nilijilipa mahamri manne na chai ya maziwa yenye sukari tele. Yalipokuwa mawili, suruali ikaanza kulegea.