Ziara ya siku moja Alsace: uliza dakika, usihesabu miji

Ukiwa Strasbourg na una siku moja tu ya kuzunguka vijiji vya Alsace, eneo la mashariki mwa Ufaransa, na kiongozi wa watalii, usidanganyike na tangazo lenye msururu wa miji. Kabla hujalipa uliza: kila kituo tunakaa dakika ngapi? Niliwahi kulipia ziara ya vituo sita. Riquewihr tulipewa dakika 25, na nyingi kati ya hizo nilizimalizia kwenye foleni ya choo.

Vituo vitatu vinatosha. Kimoja kiwe Eguisheim: vichochoro vyake vimejikunja duara kuizunguka ngome ya katikati, unapita kando ya nyumba za rangi ya haradali na waridi zenye boriti nyeusi za mbao, ghafla uko pale pale ulipoanzia. Kasri la Haut-Koenigsbourg nalo lina mandhari ya kupendeza, ila jua kwamba unachokiona kilijengwa upya kati ya 1900 na 1908 kwa amri ya Kaisari Wilhelm II, Alsace ikiwa chini ya Ujerumani.

Kuhusu tumbo: majiko mengi ya mikahawa hufungwa saa nane mchana. Ukichelewa, shauri yako, kwa hiyo nunua kipande cha kugelhopf, keki ya huko, asubuhi ukiweke mkobani. Vaa raba, njia ni za mawe. Dukani anza na "bonjour" kabla ya kuuliza bei; huko ndiyo hodi yao.