Vikombe viwili vya maharage: ninavyofundisha urithi

Kwa miaka kadhaa niliandika ubaoni "jeni tawala" (inayojionyesha hata ikiwa moja) na "jeni fiche" (inayojionyesha zikiwa mbili tu), wanafunzi wakanakili, wakakariri. Kisha jioni moja, barazani kwetu Ngamiani, Tanga, binti wa kidato cha nne akaniambia kwa uhakika kabisa: "Mwalimu, wazazi wakibeba jeni ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, si mtoto mmoja kati ya wanne huugua? Basi wa kwanza akizaliwa nao, watatu wanaofuata wameshasalimika." Niliumia. Familia hupanga uzazi kwa imani kama hiyo.

Tangu hapo naanzia soko la Mgandini. Nunua maharage mekundu na meupe, robo robo, yanayolingana ukubwa. Yakipishana, vidole vitayatambua na zoezi limeharibika. Tafuta vikombe viwili vya bati, kimoja baba, kimoja mama, na kila kimoja utie mekundu 10 na meupe 10. Jekundu ni jeni ya hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya kawaida, jeupe ni ya selimundu. Wazazi wote wawili ni wazima, ila kila mmoja kabeba jeni moja ya ugonjwa.

Kabla ya kugusa chochote, mwanafunzi aandike anachotarajia. Usiiruke hatua hii. Kisha achote punje moja huku na moja kule bila kuchungulia: huyo ni mtoto. Aandike, arudishe kila punje kikombeni mwake, atikise, achote tena. Kule kurudisha punje ndiko kulikobeba somo lenyewe, maana kila mimba inaanza upya na kikombe hakimkumbuki mtoto aliyetangulia.

Wachote mara 40, si 4. Jeupe kwa jeupe, yaani mtoto mwenye selimundu, hutarajiwa mara 10. Kundi moja kwangu lilipata 6, jingine 13, wakabishana nani kakosea. Hakuna aliyekosea. Hapo ndipo ninapomleta Mendel, mtawa wa Brno, aliyechapisha matokeo ya njegere zake mwaka 1866: mimea mirefu 787, mifupi 277. Hata yeye hakupata mirefu mitatu kwa mfupi mmoja kamili.

Mwenye jekundu moja na jeupe moja kwa kawaida haugui selimundu, tena ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Watoto wa Tanga wanaijua malaria. Ukifika hapo wanaelewa wenyewe kwa nini jeni hii haijatoweka.

Usiwaulize habari za damu za wazazi wao mbele ya wenzao. Wala usitumie mfano wa kukunja ulimi, ingawa wengi bado wanaufundisha kuwa ni urithi wa jeni moja: hata pacha wa kufanana, mmoja huweza kuukunja na mwenzake asiweze.

Nyumbani sitaki wasome daftari mara tano. Macho huyazoea maandishi na mtoto akadhani anajua. Alifunge, achukue karatasi tupu, achore vikombe na kueleza kilichotokea, ndipo alifungue na kujisahihisha kwa kalamu nyekundu. Arudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma. Akikwama, amweleze mdogo wake kwa Kiswahili kwanza, halafu aandike kwa Kiingereza cha mtihani.

Juma linalofuata nabadilisha kikombe cha mama tu: mekundu matupu. Hawachoti mpaka kila mmoja ameandika anachotarajia.