Sufuri moja kwenye daftari la maziwa

Wiki hii nikipiga hesabu za maziwa huku Njoro nilikutana na haya, kwa kilo: 40, 42, 38, 41, 39, 40, 400. Ile ya mwisho ni sufuri iliyozidi, hata mtoto anaiona. Lakini kanuni ya "tupa kilicho mbali na wastani kwa zaidi ya mikengeuko sanifu 3" (mkengeuko sanifu ni kipimo cha namba zinavyotawanyika) iliipitisha! Sababu: 400 yenyewe ndiyo imeupandisha mkengeuko hadi 136 hivi na kuvuta wastani hadi 91, kwa hiyo iko mbali na wastani kwa mikengeuko 2.27 tu. Kumbe ukiwa na namba 10 au chini, kanuni hiyo haikamati kitu kamwe.

Tumia namba ya katikati. Zipange, chukua ya kati (40), andika kila moja iko mbali nayo kiasi gani, kisha tafuta ya kati ya hizo tofauti: hapa ni 1. Sasa 400 iko mbali mara 360.

Njia hii inagoma pale zaidi ya nusu ya namba zinapofanana, maana tofauti ya kati inakuwa 0. Na usifute kabla ya kumuuliza aliyepima. Pengine aliandika jumla ya siku kumi.