Itisha ripoti ya CRB kabla ya kuomba mkopo

Wenzangu wa soko la Kibuye, kabla hujaenda benki kuomba pesa za kuongeza stoki, itisha kwanza ripoti yako ya CRB, yaani kampuni inayotunza rekodi za jinsi watu wanavyolipa mikopo. Kenya ziko tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya kupata ripoti moja bure kila mwaka.

Mimi nilinyimwa mkopo kwa deni la mkopo wa simu la shilingi 1,350 nililolipa kitambo. Aliyenikopesha hakuwahi kuwajulisha CRB kwamba nimemaliza. Nikaandika malalamiko, nikaambatisha meseji ya M-Pesa (hizo meseji msifute, jamani), ndipo jina likasafishwa.

Alama za Metropol, zinazoonyesha unavyoaminika kulipa, huanzia 200 hadi 900. Za kwako zitapanda ukikopa kidogo na kulipa kabla ya siku yenyewe. Asiyekopa kabisa naye hana rekodi ya kuonyesha, ingawa mama yangu hakubaliani na hilo hata kidogo. Biashara ikilala, mpigie aliyekukopesha mapema mpange upya malipo, msifikishe siku 90 bila kulipa. Deni likishaandikwa kuwa baya, hata ukililipa, historia yake hubaki kwenye rekodi miaka 5.